Kuwapeleka watoto wadogo Holiday World kwa gari kutokea Louisville

Wazazi wenzangu mnaokaa Louisville, Kentucky, na maeneo ya jirani, ikifika mwezi wa sita watoto wanaanza, mama twende Disney, baba twende Disney, na wengine wetu tunajibana mwaka mzima mpaka tunakopa ili tufike Orlando na mtoto wa miaka mitatu ambaye mwakani hatakumbuka chochote. Mi nashauri kama watoto bado wadogo anzeni na Holiday World, bustani ya michezo ya kupanda na ya maji, ipo jimbo jirani la Indiana kwenye kamji kanaitwa Santa Claus, mwendo wa saa moja na robo hivi kwa gari, na uzuri wake mkubwa ni kwamba ukitoka nyumbani unajua kabisa utatumia hela ngapi.

Maegesho bure, soda bure siku nzima, losheni ya jua bure, maboya ya kuogelea bure, na ile sehemu ya maji inayoitwa Splashin' Safari iko ndani ya tiketi hiyohiyo. Mtoto wa miaka miwili kushuka chini halipiwi. Tiketi nunua mtandaoni mapema, na kama kazini wanakupa ofu nenda katikati ya wiki, foleni zinapungua sana.

Halafu chakula unaruhusiwa kuingia nacho ilimradi usibebe chupa za glasi wala pombe, na kwa sisi tunaotafuta halali hii ni raha kubwa. Mi nabeba chapati, sambusa, mayai ya kuchemsha na matunda kwenye boksi la barafu. Pilau niliacha, joto la mwezi wa saba si la mchezo na wali hauvumilii.

Kinachonigusa zaidi ni majina ya michezo ya maji. Bwawa la mawimbi linaitwa Bahari, kuna Kima Bay, kuna Bakuli ambalo unazungushwa kwenye kitu chenye umbo la bakuli kweli kabla hujadondokea majini, na sehemu za watoto wadogo zinaitwa Tembo Falls na Tembo Tides. Mwanangu wa pili ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kiingereza, siku hiyo kasimama mbele ya kibao nywele zinachuruzika maji, anasoma herufi moja moja, te-mbo, kageuka macho yamemtoka, "Mama, wameandika Kiswahili!" Basi siku nzima akawa anatafuta mengine.

Sasa suala la urefu, hili msilidharau. Zile treni kubwa za mbao za kupanda na kushuka kwa kasi (roller coaster) kama The Voyage wanataka mtoto awe na inchi 48, yani kama sentimita 122, na wanapima kweli. Wa kwanza wangu alipungukiwa inchi mbili tukiwa tumeshapanga foleni, alilia mpaka nikatamani turudi nyumbani. Siku hizi nampima mlangoni usiku wa kabla, tunafungua simu tunaangalia pamoja atapanda ipi na ipi hatapanda, akilala anajua.

Njiani pitieni barabara kuu ya I-64, daraja lake la kuvukia mto kwenda Indiana halina tozo, ukipita la I-65 utaletewa bili. Indiana mtoto chini ya miaka 8 lazima awe kwenye siti yake ya gari, kwa hiyo kama mnajazana kwenye gari la shangazi hesabuni siti kwanza, kumpakata mtoto haikubaliki hata kama ni karibu.

Nguo za kuogelea ziwe za kuogelea kweli, jinzi na vyenye zipu au vifungo vya chuma watawakatalia kwenye mateleza. Wasichana wasukeni siku mbili kabla maana nywele za wazi na maji ya klorini zitawapa kazi ya wiki nzima.

Kitu cha mwisho ni saa. Santa Claus wako nyuma ya Louisville kwa saa moja, ukitoka saa tatu asubuhi unafika kule saa tatu na robo, hapo mnaona mmepata bure. Ila kurudi mnailipa, mkiondoka saa kumi na mbili jioni ya kule mtaingia nyumbani saa mbili na robo usiku, kwa hiyo wapigisheni mswaki na kuwavalisha nguo za kulalia kabisa kabla hamjawasha gari, mkifika ni kuwabeba tu mpaka kitandani.