Kutafuta dhahabu kwa ditekta kule Chunya, anza hivi

Wikendi zangu nyingi zinaishia Chunya, Mbeya, na ditekta (mashine ya kutambua metali ardhini) mkononi, na watu wananiuliza sana naanzaje, so naandika hapa mara moja.

Kabla hujanunua chochote malizana kwanza na leseni. Sheria ya Madini ya 2010 inakataza kutafuta au kuchimba bila leseni, hata kama kwako ni hobi tu na hata kama shamba ni la mjomba wako, maana kumiliki shamba siyo kumiliki madini yaliyo chini yake. Njia rahisi ni kumtafuta mtu mwenye PML (leseni ya mchimbaji mdogo), mkae, muandikishane mtagawana vipi kitakachopatikana, halafu ndo uingie eneo lake mchana kweupe.

Mashine sasa. Kama bajeti ni ndogo chukua za VLF (zinazotumia mawimbi ya masafa ya chini sana), mfano Gold Monster 1000 inayotumia kilohezi 45, hii inakamata vipunje vidogo sana vilivyo juujuu ila kwenye udongo mwekundu wenye chuma kingi inapiga kelele mpaka unachoka. Kwenye udongo huo zile za palsi (zinazotuma umeme kwa mapigo mafupi) kama GPX 5000 zinatulia na zinafika chini zaidi, bei yake ujipange. Na tafadhali usiuziwe kile kifaa cha antena mbili za kushika eti kinaonyesha dhahabu iliyo mita mia mbele, hakipimi kitu chochote, nimeona watu wazima wakilia na hela ya mazao imeondoka.

Wapi pa kupita? Wachimbaji wa miaka ya 1920 na 1930 walihangaika sana na dhahabu ya mchangani huku Lupa, eneo la dhahabu la Chunya, na hawakuwa na ditekta, kwa hiyo vipande walivyovikosa vipo bado. Mimi naangalia mteremko wenye mawe meupe ya kwatsi juu yake, nashuka nao mpaka korongoni, napita pale ambapo mwamba uko karibu na uso wa ardhi, dhahabu ni nzito inanasa kwenye nyufa. Vifusi vya zamani navyo usiviache.

Ukifika, simu weka mbali, buti za chuma usivae. Shusha na kupandisha koili (lile duara la chini ya mashine) juu ya ardhi isiyo na vyuma huku unarekebisha mpaka mlio utulie, hiyo ndo kuizoesha mashine udongo wa hapo, na ukihama mita kadhaa rudia. Vaa hedifoni. Halafu pole pole jamani, pole pole kweli, koili iguse majani na isiinuke mwisho wa mkono, wengi wanafyeka kama wanakata nyasi na hapo ndo wanapoiacha dhahabu.

Ukisikia mlio, hata ule mdogo unaokufanya ujiulize umesikia kweli au la, kwangua udongo kwa mguu upitishe tena. Mlio umebaki? Chimba, weka udongo kwenye kibakuli cha plastiki (cha chuma kitapiga kelele), pitisha juu ya koili, mwaga nusu, pitisha tena, endelea hivyo mpaka unabaki na kiganja kimoja. Chovya sumaku, msumari utaruka wenyewe. Siku yangu ya kwanza nilitoa misumari na vipande vya risasi tu, mpaka jioni kwenye ufa mmoja ikatoka punje kama ya mchele, imejaa udongo, nikaisugua kwa mate ikawaka njano, mikono ilitetemeka.

Kuhakikisha, igonge taratibu na nyundo: dhahabu inabonyea, ile ya uongo inapasuka. Zebaki usiiguse kabisa, kipande cha ditekta hakiihitaji. Mashimo ya zamani usiingie hata mlio ukiita kutoka ndani. Kuuza ni soko la madini, Chunya lipo, usimpe broka wa njiani. Na kila shimo ulilochimba lifukie kabla hujahama, ng'ombe wa watu wanavunjika miguu humo na mwenye eneo hatakukaribisha tena.