Mguu wa Bandia Ukianza Kuuma Mchana, Anza na Soksi

Kwa aliyekatwa mguu chini ya goti, mguu wa bandia uliomkaa vizuri alfajiri unaweza kuanza kumchoma ikifika saa sita. Mara nyingi vipimo vya fundi havina kosa. Kigutu, yaani sehemu ya mguu iliyobaki, ndicho kilichopungua. Kila ukikanyaga, majimaji ya kwenye nyama husukumwa juu, kigutu kikasinyaa na kuzama ndani ya soketi, kikombe cha mguu wa bandia kinachokishika. Uzito basi huacha ukano ulio chini ya pia ya goti, unaoweza kuubeba, na kuangukia ncha ya mfupa wa muundi.

Soksi za kigutu hupimwa kwa namba ya unene: 1, 3 au 5. Usitoke nyumbani bila mbili nyembamba mfukoni. Ncha ya kigutu ikiuma, ukingo wa soketi ukigusa pia ya goti, au mguu ukichezacheza, umezama: ongeza soksi ya unene 1, tembea hatua kumi, usikilize tena. Kigutu kisipofika mahali pake na mguu wa bandia ukaonekana mrefu, punguza. Usirundike soksi tatu kwa mkupuo. Na kunjo lolote linyooshwe kabla ya kuvaa, maana kunjo dogo tu huzaa lengelenge. Jumla ya unene ikipita 10 au 15, soketi imeshakuwa kubwa. Rudi kwa fundi.

Anayeanza avae kama nusu saa hadi saa moja, avue, akague ngozi, kisha aongeze muda kidogo kidogo kila siku. Wekundu usiofifia baada ya dakika 10 hivi ni onyo. Mwenye kisukari asingoje maumivu, kwa kuwa ganzi huyaficha: achukue kioo kidogo, atazame nyuma na chini kila jioni.

Kigutu kioshwe usiku, si asubuhi. Ngozi yenye unyevu hulainika, ikanata na kuchubuka. Soketi ifutwe kwa kitambaa chenye sabuni kidogo, ilale wazi ikauke.

Viatu navyo vina hesabu yake. Unyayo wa bandia hupangwa kwa kimo fulani cha kisigino. Ukivaa kandambili badala ya kiatu kilichotumika kliniki, goti litasukumwa nyuma. Ukivaa kisigino kirefu zaidi, litasukumwa mbele. Siku ya vipimo nenda na kiatu unachovaa kila siku.