Jinsi ya kupanda mahindi mbegu zote zikae kina kimoja

Ukiona shamba mahindi mengine yana majani matatu na ya pembeni yake ndo kwanza yanatoboa ardhi, usikimbilie kulaumu mbegu, fukua kwanza uangalie kina. Na msichukulie poa hilo, mche uliochelewa hauwafikii tena wenzake, wanaufunika, unakula mbolea na maji halafu unatoa gunzi dogo au hautoi kabisa, yaani ni kama gugu ulilojipandia mwenyewe.

Lenga sentimita 5. Mfinyanzi wenye unyevu, sentimita 4 inatosha, kichanga kinachokauka haraka unaweza kushuka mpaka 6 au 7. Chini ya 4 siungi mkono hata kama udongo umelowa vipi, kwa sababu ile mizizi mikubwa inayoshika mmea haianzii kwenye mbegu, inaanzia kama sentimita 2 kutoka juu, sasa ukipanda juu juu inakutana na udongo mkavu wa moto, haishiki vizuri na upepo ukija mahindi yanalala.

Kwa mkono, kwanza vunja mabonge. Chonga kijiti, pima sentimita 5 kutoka kwenye ncha, hapo gongelea kipande cha ubao kwa kukingama ili kisizame zaidi, basi hata mkono ukichoka shimo ni lile lile. Jembe lina shida yake, asubuhi mashimo marefu, jua likiwaka yanaanza kuwa mafupi bila mtu kujijua. Na kama unaweka mbolea ya kupandia, shimo lifike 8 mpaka 10, mbolea chini, udongo kidogo juu yake, ndo mbegu, halafu unafukia. Zile 5 zinahesabiwa kutoka kwenye mbegu mpaka juu ya udongo baada ya kufukia, hapa ndo wengi wanateleza.

Kwa planta ya trekta, yaani mashine ya kupandia, usiiseti ukiwa nyumbani, iseti shambani. Nenda kilomita 7 au 8 kwa saa, ukikimbiza inarukaruka na mbegu zinabaki juu. Magurudumu ya kupima kina yawe yanagusa ardhi muda wote, yakizunguka hewani ongeza mgandamizo wa springi, ila usizidishe maana udongo mbichi utashindiliwa. Panda mita chache, simama, chukua kisu ufukue taratibu nyuma ya kila mstari, sio mmoja tu, upime kwa rula. Udongo ukibadilika pima tena.

Mahindi yakishaota bado unaweza kujua ulipanda kina gani. Ng'oa mche na mbegu yake bila kuukata, pima kutoka kwenye mbegu mpaka pale weupe unapogeuka kijani, hicho ndo kina chako. Fanya hivyo kwa miche kadhaa kila mstari, na mstari unaotofautiana na mingine uandike, ili kabla ya msimu ujao ukague sahani zinazochana udongo na springi za upande huo.