Kabla kaya haijahitimu TASAF: mambo ya kuweka sawa

Katika Mpango wa Kunusuru Kaya Masikini, unaoendeshwa na TASAF (Mfuko wa Maendeleo ya Jamii Tanzania), kaya huhitimu pale tathmini inapoonyesha kwamba hali yake imeimarika. Ruzuku iliyokuwa ikiingia kila baada ya miezi miwili hukoma. Walengwa wengi wanaingoja siku hiyo kwa hofu, na siwalaumu. Ila maandalizi yanawezekana, na yaanze wakati ruzuku bado inaingia.

La kwanza ni kujipima kwa mwezi mbaya. Dodoma na Singida mvua ni ya msimu mmoja. Julai kila mtu ana chochote ghalani, na maandazi yanauzika. Njoo Februari: chakula kimepungua, bei ya mahindi iko juu, wateja wanakopa. Chukua daftari la mtoto, andika kilichoingia na kilichotoka mwezi kwa mwezi, mwaka mzima. Kama biashara inawalisha Julai lakini Februari mnaishi kwa ruzuku, bado hamjasimama. Ongezeni chanzo kingine au hifadhini chakula zaidi wakati wa mavuno.

Mtaji wenyewe ulindwe. Wengi huanza na kuku, na hapa naomba tusikilizane vizuri: kideri, ugonjwa wa kuku unaoambukiza haraka, kikiingia kinaweza kufagia banda zima ndani ya siku chache. Chanjo ya matone haina gharama kubwa, tone moja kwenye jicho, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Chupa moja inatosha kuku wengi, kwa hiyo majirani changishaneni mchanje siku moja. Kuku wako akiwa salama na wa jirani anaumwa, hujapona.

Kuhusu akiba, kikundi cha kuweka na kukopa ndicho kimbilio la karibu. Usisubiri kuhitimu ndipo ujiunge, maana hisa hukua taratibu. Mikopo ya kausha damu ikae mbali kabisa na nyumba yako; nimeona cherehani na masufuria yakibebwa kwa deni dogo lililovimba kwa riba. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Kikundi kinatakiwa kiwe kimesajiliwa, kwa hiyo muoneni afisa maendeleo ya jamii mapema.

Watoto nao. Shule za serikali hazina ada, lakini sare, madaftari na michango ya chakula vipo, na hulipwa Januari, wakati mfuko umekauka. Wekeni pembeni tangu mavuno. Kliniki ya mtoto iendelee hata kama hakuna tena anayefuatilia mahudhurio. Kumbukumbu za kaya, pamoja na namba yenu ya utambulisho TASAF, msizitupe: mwanafunzi anayeomba mkopo wa elimu ya juu huulizwa kama kaya yake ilikuwa ya walengwa.

Na kama mmeondolewa huku hali ni mbaya, msinyamaze. Pelekeni malalamiko kwa mtendaji wa kijiji au mtaa, kisha kwa mratibu wa TASAF wa halmashauri, mkiwa na lile daftari mkononi.