Sensa ya sukari, ya zamani au mpya? Anza na usiku wako

Swali ninaloulizwa sana na wazazi wenzangu wenye watoto wa kisukari ni hili, hizi sensa za kubandika mkononi zinazopima sukari, nichukue Libre (jina la kampuni) ya kwanza, ya bei nafuu, au nijibane ninunue mpya? Na mimi huwa nauliza kwanza, sukari inashuka saa ngapi? Maana kama inashuka usiku na mgonjwa hashtuki, hapo unachotafuta ni alamu, mengine yote yanakuja baadaye.

Libre ya kwanza, ile iliyoingia sokoni Ulaya 2014, haisemi kitu mpaka uisogezee simu au mashine yake, halafu inatunza kumbukumbu ya masaa 8 tu. Mwanangu tulikuwa tunamskani saa tatu usiku akienda kulala, tukiamka saa kumi na mbili asubuhi yameshapita masaa 9, kwa hiyo grafu ina pengo la lisaa lizima pale mwanzoni, na ndo muda ambao insulini ya chakula cha usiku bado inafanya kazi mwilini. Ikabidi niwe naamka saa nane, giza, napitisha simu juu ya mkono wa fulana yake bila kumwamsha (inasoma hata juu ya nguo), naona 3.6, sukari imeshuka, natafuta juisi. Nilifanya hivyo miezi mingi sana na sitamani mzazi yeyote apitie kama kuna njia nyingine.

Libre 2 inalia ikishuka au ikipanda, na Libre 3 inatuma namba yenyewe kila dakika, tena ni ndogo kweli. Ila alamu inapita kwenye Bluetooth, ukiiacha simu sebuleni inachaji na wewe umelala chumbani hutasikia kitu. Na kabla hujalipa hakikisha programu yake inapatikana nchini kwako na inakubali simu yako, maana sensa ikishabandikwa na simu ikaikataa hela ndo imeenda.

Upande wa Dexcom, aina nyingine ya sensa, toleo lao la G6 lina transimita ya pembeni (kile kipande kinachotuma namba kwenye simu) inayokaa siku 90, kwa hiyo mtu akikuuzia sensa peke yake bila transimita usichukue, halafu unasubiri masaa 2 ndo ianze kusoma. G7, toleo lililofuata, yote ni kitu kimoja na inaanza ndani ya nusu saa. Lakini piga hesabu ya mwaka, sensa inayokaa siku 10 unahitaji kama 37, inayokaa siku 14 unahitaji 26 au 27. Kama huwezi kununua mfululizo wala usijisikie vibaya, bandika moja wiki mbili kabla ya kliniki, andika alichokula na dozi alizochoma, daktari ataona mengi sana hapo, na kwa kazi hiyo hata ile ya zamani inatosha kabisa.

Zinazoletwa na ndugu kutoka Marekani, angalia tarehe ya kuisha na uulize zilikaa wapi, joto la ndani ya gari linaziua. Mashine na programu za huko pia huwa zinaonyesha mg/dL, sisi tunatumia mmol/L, kwa hiyo gawanya kwa 18, yaani 70 ni 3.9 yetu.

Na iwe mpya iwe ya zamani, stripu za kidole usigawe. Siku ya kwanza sensa huwa inayumba, na sukari ikiwa inapanda au kushuka haraka, sensa inachelewa dakika kadhaa nyuma ya damu. Juzi alamu imelia saa tisa usiku, 3.1, nikaruka kitandani, nakuta mtoto kaulalia ule mkono wenye sensa, mkavu, hana jasho, nikamtoboa kidole ikaja 6.4, sukari iko sawa, ni sensa ilikuwa imebanwa. Nikamgeuza upande, baada ya muda kidogo namba ikapanda yenyewe. Ningekimbilia juisi, asubuhi angeamka na sukari ya juu, 15.