Somo: Mbwa akipandwa na mori ghafla, usome mwili wake kabla hujamzuia

Wakuu, karibuni. Mori ninaousema hapa si hasira, ni zile mbio za ghafla za mchezo. Mbwa alikuwa amelala zake, mara anaruka, anaizunguka sebule mbio, anapita chini ya meza, anatoka nje, anarudi, kisha anajibwaga sakafuni akihema, ulimi nje. Dakika mbili tatu, imekwisha. Wengine huogopa, wengine huchapa. Nawaombeni msichape. Mbwa mwenye afya njema hufanya hivyo kutoa nguvu au msisimko uliojibana ndani yake, hasa akiwa bado mdogo.

Hatua ya 1: Soma mwili. Wangu huanza kwa kuinamisha kifua mpaka viwiko viguse sakafu, makalio juu, ananitazama kwa pembe ya jicho. Anatulia kidogo, halafu anachomoka. Mgongo unajikunja, makalio yanashuka kama anayekwepa kushikwa, mdomo uko wazi na umelegea. Huo ni mchezo. Mwili ukiwa mkavu kama ubao, mdomo umefumba na macho yamekodoka, acha kusoma mchezo hapo, mpe nafasi.

Hatua ya 2: Kumbuka kilichotangulia. Kuogeshwa ndiko kunakoongoza, kwangu na kwa wengi ninaowajua: taulo likitoka tu, mbio. Wengine hukimbia baada ya kujisaidia haja kubwa, baada ya kufungiwa kutwa nzima, au wakishatoka kwa daktari wa mifugo, hofu ikiwa imewashuka. Alfajiri na jioni pia, maana ndizo saa ambazo mbwa wengi huchangamka. Andika kwa wiki mbili, utaona mpangilio.

Hatua ya 3: Safisha njia. Hapa ndipo penye hatari hasa. Marumaru huteleza, na mbwa anayekata kona kwa kasi anaweza kuumia kano za goti. Tandika mazulia yasiyoteleza, ziba ngazi, ondoa meza za vioo, funga geti. Watoto wasimame wima kama mti, mikono kifuani, bila kupiga kelele.

Hatua ya 4: Usimkimbize. Ukimfukuza umeshaingia mchezoni, naye atazidisha. Akiwa nje bila kamba unaweza kumsukumia barabarani. Mwite kwa sauti ya furaha huku ukikimbilia upande mwingine. Mara nyingi atakufuata wewe.

Hatua ya 5: Akitulia, mpe maji, mwache. Kama ni kila siku na anavunja vitu, anahitaji kazi zaidi: matembezi ya kunusanusa bila haraka, au chakula kilichotawanywa kwenye nyasi akitafute kwa pua.

Maswali ya wanachama

Swali: Mkuu, nitajuaje si kichaa cha mbwa?
Jibu: Kichaa hakiji dakika tatu kikaondoka. Mbwa huyo hubadilika tabia na kuzidi kuharibika siku hadi siku: anashindwa kumeza, udenda unamtoka, sauti inabadilika, anayumba, anang'ata bila kuchokozwa. Ukimshuku, usimguse. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo. Na chanjo ya mbwa isipitwe na wakati.

Swali: Mtoto wa mbwa, miezi mitatu. Kila jioni anakimbia na kuning'ata vifundo vya miguu. Nimtembeze zaidi?
Jibu: Hapana ndugu yangu, huyo huenda amechoka kupita kiasi. Umri huo hulala saa 18 hadi 20 kwa siku. Mpe kitu cha kutafuna, mpeleke mahali patulivu alale.

Swali: Wangu ana miaka tisa. Ameanza kufukuza mkia, namwita hasikii kabisa.
Jibu: Mpeleke kwa daktari wa mifugo. Mori wa kawaida hukatika ukimwita au ukimrushia mpira, huo haukatiki. Huenda ni maumivu, muwasho au tatizo la ubongo. Mrekodi video kwa simu, itamsaidia daktari kuliko maelezo yako. Akianguka, miguu ikakakamaa na mkojo ukamtoka, hicho huenda ni kifafa: sogeza vitu vilivyo karibu naye, usitie mkono mdomoni mwake, hesabu dakika. Zikipita tano, ni dharura.

Swali: Akikimbia mara tu baada ya kula?
Jibu: Kwa mbwa mkubwa mwenye kifua kirefu, mtulize. Tumbo likijaa gesi na kujipinda, linaua kwa saa chache. Ukiona tumbo limevimba na anajaribu kutapika bila kitu kutoka, usisubiri asubuhi.