Shift+F5: rudi pale ulipoishia kwenye Word
Umefungua ripoti ya kurasa 60 na hukumbuki uliishia wapi? Usihangaike kushuka kwa kipanya. Bonyeza Shift+F5 mara tu faili inapofunguka, kabla hujaandika chochote: kishale kinaruka hadi ulipokuwa ulipoifunga. Ukiwa katikati ya kazi, vitufe hivyohivyo vinakurudisha kwenye sehemu tatu za mwisho ulizohariri, moja baada ya nyingine.

Kwenye laptopu nyingi F5 imepewa kazi ya mwanga au sauti, kwa hiyo shikilia na Fn.

Ukisahau Shift, linafunguka dirisha la kwenda ukurasa fulani. Hilo nalo ni zuri sana: andika 42, bonyeza Enter, umefika. Ukiandika +5, unasogea kurasa tano mbele. Esc hulifunga.